Kava ni nini: wimbo unaoujua katika sauti usiyoizoea

Kava ni wimbo ambao mtu mmoja ameshautoa, kisha mwingine akauimba au kuupiga upya kwa namna yake. Sharti ni hilo tu. Si lazima maneno yabadilike, si lazima mdundo ubadilike, na huyo wa pili anaweza kuwa maarufu kuliko wa kwanza au asijulikane hata mtaa wa pili. Nairobi na Dar es Salaam wengi husema kava. Hapa Lubumbashi, kwa sababu ya Kifaransa, utasikia zaidi riprizi, na bendi ya baa ikikuambia kwamba usiku huu inapiga varyete, ujue itapiga nyimbo za watu tangu viti vinapangwa mpaka wateja waondoke.

Yapo mambo yanayokaa karibu na kava ambayo si kava. Remiksi inatumia rekodi ile ile ya studio, ikapangwa upya. Sampuli inakata kipande cha rekodi na kukitia ndani ya wimbo mwingine. Pleibeki, ambayo imejaa kwenye majukwaa yetu kupita kiasi, ni mwimbaji kuchezesha mdomo huku spika ikiimba. Na anayechukua utunzi wa mwenzake akauandika kwa jina lake ni mwizi, hata kama ameuimba vizuri. Kwenye kava kila sauti hutolewa upya, na jina la mtunzi hubaki lilipokuwa.

Utamu wake unatoka wapi? Msikilizaji wa kava anasikia nyimbo mbili kwa wakati mmoja: moja iko kwenye spika, nyingine iko kichwani mwake. Mwimbaji akichelewesha neno kidogo, masikio yako yameshatangulia pale neno lilipozoea kuanguka, na hapo katikati ndipo raha ilipo. Gita likinyamaza mahali ambapo ulingoja likate kwa nguvu, unashtuka, na ukimya wenyewe unakuwa sehemu ya wimbo. Asiyeujua wimbo wa kwanza hapati hayo. Yeye anasikia wimbo mpya tu, mzuri au mbaya. Ndiyo maana kava hufanyiwa zaidi nyimbo maarufu. Kuna faida nyingine pia, na mimi naiona kubwa kuliko zote: kava inakuonyesha wimbo ni nini hasa ukiondoa sauti iliyouzoesha. Kuna nyimbo zilizobebwa na mwimbaji mmoja, akitoka hakuna kinachobaki. Na kuna nyimbo ambazo hata ukizivua kila kitu bado zinasimama.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Masanga ya Jean-Bosco Mwenda. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyekuwa akizunguka kusini na katikati ya Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta kijana huyo Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi, kilomita 120 hivi kutoka hapa. Alikuwa na gita moja la kawaida, bila umeme. Kampuni ya Afrika Kusini, Gallo, ikatoa muziki wake kwenye sahani za Gallotone, na Masanga ikasafiri mpaka Nairobi, Johannesburg na Ulaya.

Gita lenyewe lilipigwa kwa vidole viwili, kidole gumba na cha shahada. Gumba linashika nyuzi nene na kutembea bila kusimama, shahada inacheza sauti juu yake, na hizo mbili hazikanyagi mahali pamoja. Anayesikiliza mara ya kwanza anaapa kwamba ni watu wawili wanapiga. Mtaalamu wa muziki David Rycroft aliandika mapigo hayo moja moja kwa nota, akayachapisha mwaka 1961 na 1962, na kilichoonekana wazi ni kwamba Mwenda mwenyewe hakuupiga wimbo kwa namna moja. Alikuwa na vipande vyake vidogo, akivipanga, kuvirudia na kuviruka jinsi mkono ulivyotaka siku hiyo.

Sasa fikiria kijana wa leo anayetaka kupiga kava ya Masanga. Anaweka kalamu ya risasi kwenye shingo ya gita na kuifunga kwa mpira ili kupandisha sauti, kama wazee walivyofanya, halafu anakutana na swali gumu: anige ipi? Akikariri rekodi ya 1952 pigo kwa pigo, amepata vidole vya Mwenda lakini amekosa uhuru wake, na uhuru ndio uliokuwa nusu ya wimbo. Akijiachia mno, wazee watamwambia, «Mwanangu, hiyo si Masanga.» Nimewasikia vijana wakifanya yote mawili. Wanaofaulu ni wale wanaoshika mwendo wa gumba kama ulivyo, bila kuugusa, halafu kidole cha shahada wakakiachia kitafute njia yake. Ukisikia gumba lile, hata kabla wimbo haujaanza vizuri, unajua uko wapi. Huo ndio uti wa mgongo wa Masanga, na tumeujua kwa sababu wengi wameujaribu. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja mpiga gita, John Low, alisafiri mpaka huku Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ili ajifunze mapigo haya kwa wenyewe, na shajara ya safari hiyo ikachapishwa mwaka 1982. Mtu hafungi safari kama hiyo kwa ajili ya wimbo ambao rekodi peke yake inatosha.

Tofauti na Masanga, Malaika inajulikana zaidi kwa maneno yake. Rekodi ya Fadhili William wa Kenya ndiyo iliyoutangaza Afrika Mashariki, ingawa mtunzi wake ni nani hasa ni ugomvi ambao haujaisha. Wako wanaomtaja Adam Salim. Miriam Makeba aliuimba na Harry Belafonte kwenye santuri yao ya 1965, Boney M. wakaupeleka kwenye disko mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaurekodi mwaka 1991. Sikiliza kwa makini wanawake hao wakiuimba. Wimbo ni wa kijana wa kiume asiye na mahari, anayemwambia msichana kwamba angemuoa lau angekuwa na mali. Makeba na Kidjo hawakumgeuza msemaji. Wanaimba hayo hayo maneno ya mwanamume. Kwa anayejua Kiswahili, ajabu yake ni tamu: ni kama msichana amekaa kimya miaka yote, sasa anayarudia maneno aliyoambiwa, na umaskini wa yule kijana unamuuma na yeye pia. Fadhili William peke yake asingeweza kutupa hilo.

Kava inaweza hata kuficha maana ya wimbo kabisa. I Will Always Love You imepigwa kwenye sherehe za ndoa zisizohesabika, hapa kwetu na kwingineko, kwa sauti ya Whitney Houston ya mwaka 1992, ile inayoanza bila chombo chochote. Wengi hawajui kwamba aliyeutunga ni Dolly Parton, na kwamba ulitoka mwaka 1974 kama wimbo mpole wa kuaga: alikuwa anaachana na Porter Wagoner, mwenzake wa kazi, sio mpenzi. Maharusi wanaingia ukumbini kwa wimbo wa kwaheri. Siwalaumu hata kidogo, kwa sababu sauti ya Houston ilipandisha upendo juu na kuacha kwaheri chini, na watu walichukua kilichokuwa juu.

Rumba yetu nayo imepitia njia hiyo. Kuanzia miaka ya 1930 sahani za muziki wa Kuba zilifika Kongo, nyingi zikiwa na herufi GV, na wapiga muziki wetu wakazirudia. Hawakujua Kihispania, kwa hiyo waliimba sauti ya maneno bila maana yake, na baadaye wakaweka Kilingala mahali pale. Gita likachukua nafasi ya piano na tarumbeta. Kidogo kidogo ile riprizi ikaacha kuwa riprizi. Mwaka 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na kwenye mizizi yake wapo watu waliokuwa wanapiga nyimbo za wengine kwa moyo wote.

Mpaka wa kava uko wapi, basi? Mwaka 1960 bendi ya African Jazz ya Joseph Kabasele iliutoa Indépendance Cha Cha huko Brussels, wakati wa mkutano wa meza ya duara uliojadili uhuru wa Kongo, wimbo unaotaja viongozi na vyama vilivyokaa pale, pamoja na Tshombe wa huku kwetu. Miaka 50 baadaye Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyekulia Ubelgiji, aliuchukua mwendo ule akaurapia maneno yake. Jina aliloupa ni la Kifaransa na Kiswahili pamoja, Le Jour d'Après / Siku ya Baadaye. Maneno ya zamani yalisherehekea uhuru uliokuwa unakuja. Yake yanauliza kilichofuata. Kwa sheria kali, wimbo wenye maneno mapya namna hiyo si kava tena. Mimi naona bado unaishi kwa nguvu ile ile ya kava: kila gita linapoingia, furaha ya 1960 inasikika chini ya maswali ya Baloji, na asiyeijua ile ya kwanza anapoteza nusu ya hii ya pili.

Kutokana na hayo mtu anaweza kudhani kava isiyobadilisha kitu haina kazi. Hapana. Nenda kwenye baa ya Kamalondo au Kenya, mitaa ya hapa Lubumbashi, Jumamosi usiku, ambako bendi inapiga rumba ya Franco kama ilivyotoka. Mpiga solo anajua wateja wamekuja kucheza sebene wanayoijua kwa miguu. Akiongeza urembo wake mahali pabaya, watakosea hatua na kumtazama kwa hasira. Pale uaminifu ndio ufundi, na ni mgumu. Besi moja, magita mawili na ngoma vinatakiwa kutoa kitu kilichorekodiwa na magita manne na safu ya tarumbeta. Mtu wa gita la kusindikiza anajaza nafasi ya tarumbeta bila mtu kugundua. Nawaheshimu sana hawa watu, kwa sababu ni wao wanaozifanya nyimbo za 1970 ziendelee kuchezwa na vijana waliozaliwa baada ya 2000.

Limebaki suala la pesa, na hapo kava inauma. Wimbo una haki mbili: ya rekodi, na ya utunzi. Anayefanya kava anatengeneza rekodi yake, lakini utunzi unabaki wa mwenyewe, na kila unapopigwa hadharani au kuuzwa mtunzi anastahili fungu lake. Dolly Parton alilijua hilo. Elvis Presley alipotaka kuimba wimbo huo, meneja wa Elvis alidai nusu ya haki za utunzi. Parton akakataa, ingawa alilia kwa ajili ya nafasi ile. Alipokuja Houston, malipo yalimfikia. Solomon Linda wa Afrika Kusini hakuwa na bahati hiyo. Alirekodi Mbube mwaka 1939, akaiuza haki yake kwa shilingi 10, na wimbo ukaenda Marekani ukageuzwa kuwa The Lion Sleeps Tonight, kava juu ya kava, ukaingiza mamilioni. Alikufa maskini mwaka 1962. Watoto wake walifikia makubaliano na wenye wimbo mwaka 2006.

Nchini kwetu haki ya mtunzi inalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, na kazi ya kukusanya malipo iko mikononi mwa SOCODA, shirika la haki za watunzi la Kongo. Kwa hiyo baa au ukumbi unaopiga nyimbo za watu unadaiwa, hata kama bendi yake ni ndogo. Mtu akikuambia kwamba kava ni bure kwa sababu ameiimba mwenyewe, amechanganya sauti yake na utunzi wa mwenzake.

Kuna swali ambalo watu huniuliza: mwimbaji akirudia wimbo wake mwenyewe, ni kava? Kwa maana niliyoitoa mwanzoni, hapana, kwa kuwa hakuna mtu wa pili. Lakini raha ya kulinganisha ipo pale pale. Wendo Kolosoy, mwimbaji wa rumba, alirekodi Marie-Louise mwaka 1948 na Henri Bowane, akiwa kijana mwenye sauti nyepesi inayopanda bila kutafuta njia. Katika miaka ya 1990, akiwa ameshapita miaka 70, aliurekodi tena. Sauti imekuwa nzito, ina mikwaruzo, na maneno anayasogeza polepole kama mtu anayejua hana haraka tena. Zisikilize zote mbili kwa kufuatana, ya 1948 ikitangulia.