Kabla hujakimbilia kortini kudai pensheni ya mzee

Matanga hayajaanuliwa, na tayari yuko mtu barazani anayeeleza jinsi pensheni ya marehemu itakavyogawanywa. Nimekaa kwenye baraza hizo Mombasa mara kadhaa. Wasemaji hubadilika, makosa hayabadiliki.

"Pensheni ni urithi, kama shamba." Hili ndilo linalowachelewesha wengi. Kifungu cha 36A cha Sheria ya Mafao ya Uzeeni ya Kenya, ya mwaka 1997, kinasema mafao ya mwanachama aliyefariki hayaingii kwenye mirathi yake. Wadhamini wa mfuko huyalipa kwa kufuata kanuni za mfuko wenyewe, na Mahakama Kuu imeshikilia hivyo zaidi ya mara moja. Familia inayosubiri barua ya usimamizi wa mirathi, yaani hati ya korti inayomruhusu mtu kushughulikia mali ya marehemu, huenda basi inasubiri karatasi ambayo mfuko haukuitaka. Kinyume chake nacho kipo: pesa zilizokwisha kuingia benki kabla mzee hajafa ni mirathi, hata kama zilitoka kwenye pensheni. Hizo ndizo zenye safari ya korti, au ya Kadhi kwa Waislamu wanaoafikiana kwenda kwake. Kwa njia ya korti, tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi, watu hupewa siku 30 za kupinga, na kwa kawaida miezi sita hupita kabla barua hiyo ya usimamizi haijathibitishwa na mali kugawanywa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni pesa ziko wapi. Mzee mmoja anaweza kuwa na akiba NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii), mfuko wa pensheni wa kampuni na akaunti ya benki, na kila mahali pana mlango wake. Kama alikuwa mtumishi wa serikali, faili la aliyefia kazini huanzia kwa mwajiri wake, ndipo liende Idara ya Pensheni ya Hazina. Ukianzia Hazina moja kwa moja utarudishwa ulikotoka.

"Mimi ndiye kifungua mimba, nitadai kwa niaba ya wote." Uzaliwa wa kwanza haukupi cheo chochote mbele ya mfuko. Hata kwenye mirathi isiyo na wosia, sheria inamtanguliza mke au mume aliyebaki katika kuomba usimamizi. Mama yuko hai, amekaa eda, nanyi mnagombania nani atie sahihi!

Fomu alizojaza mzee nazo huaminiwa kupita kiasi. Kuandikwa hospitalini au kazini kama ndugu wa kupigiwa simu si kuteuliwa kupokea mafao. Hizo ni fomu mbili. Na hata ile ya wanufaika huenda ilijazwa kabla wadogo zenu hawajazaliwa. Ulizeni ya mwisho ni ipi.

"Kadi ya benki tunayo na namba ya siri tunaijua." Tafadhali. Pensheni iliyolipwa baada ya kifo hudaiwa irudishwe, na kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinaita kuchezea mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Toeni taarifa ya kifo mapema.

"Miaka imepita, pesa zimeshapotea." Si lazima. Fedha zilizokaa bila mwenyewe hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na haki ya kuzidai haifi kwa kupita muda. Kudai huko ni bure, kwa hiyo anayekuomba asilimia ili "akufuatilie" anakuuzia kitu unachopewa bila malipo.

Kuhusu karatasi, kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Cheti chukueni mapema, na kabla ya kuondoka dirishani someni jina herufi kwa herufi. Sisi hatukusoma. Kitambulisho cha marehemu baba kilisema Mohamed, hati zake za mshahara zilisema Mohd kama makarani wa zamani walivyozoea kufupisha, na mwenye dirisha akataka kiapo kilicholiwa mbele ya wakili kwamba hao ni mtu mmoja. Tulikwenda na kurudi mara tatu, kwa sababu ya a, m na e.