Hofu ya kusafiri wakati wa janga: maana yake ni nini?

Kwa kifupi ni hivi, mtu ana nauli, ana sababu ya kwenda, gari lipo, lakini anabaki nyumbani kwa sababu anaogopa ataupata ugonjwa njiani au kule anakoenda, au ataurudisha kwa watoto. Hiyo ndo hofu. Serikali ikifunga barabara hiyo ni amri, ni kitu kingine kabisa, na sisi Uganda tunavichanganya sana hivi viwili kwa sababu 2020 vilikuja pamoja: mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 21 Machi, siku chache mbele taksi na mabasi yakasimamishwa, uwanja wa ndege wa Entebbe ukafungwa kwa abiria mpaka Oktoba. Sasa leo ukimuuliza mtu mbona hukwenda kijijini mwaka ule atakwambia niliogopa, kumbe hata angekuwa jasiri kama simba asingepata gari la kumtoa Kampala mpaka Mbale.

Ukitaka kuiona hofu yenyewe tafuta mahali ambapo hakuna aliyekatazwa. 2014 ebola ilikuwa Afrika Magharibi, Guinea, Liberia na Sierra Leone, lakini wazungu wakaanza kukanseli safari za kuja huku Afrika Mashariki kutazama wanyama. Chukua ramani basi, kutoka Freetown mpaka Lisbon ni karibu zaidi kuliko kutoka Freetown mpaka Kampala, na sijasikia mtu aliyeogopa kwenda Ureno. Akilini mwao Afrika yote ilikuwa kijiji kimoja.

Lakini tusiwacheke sana, na sisi tuko hivo hivo. Kuna mtaalamu wa saikolojia Mmarekani, Paul Slovic, aliandika 1987 kwamba watu wa kawaida hawapimi hatari kwa kuhesabu waliokufa, wanaangalia kama hicho kitu kinatisha, kama ni kigeni, kama wana uwezo wa kukizuia. Ndo maana malaria inaua maelfu ya watu Uganda kila mwaka na hakuna anayeahirisha harusi ya Busoga kwa sababu ya mbu, tumeizoea, tunajua dawa yake. Ebola ya 2022, ile iliyoanzia wilaya ya Mubende, ilithibitishwa kwa watu 142 wakafa 55, na jina lake tu likitajwa kwenye taksi utaona mtu anafungua dirisha.

Kuzoea ndo kunafanya hofu isiende sawa na hatari yenyewe. Mwaka 2020 kifo cha kwanza cha korona hapa nchini kilitangazwa tarehe 23 Julai, yaani miezi minne tuliogopa hata kupeana mikono na bado hakuna aliyekufa. Halafu Juni 2021 ikaja Delta, ile aina ya korona iliyoambukiza haraka zaidi, hospitali zinahangaika na oksijeni, watu wanazika kweli kweli, lakini wengi wetu tulikuwa tumeshachoka kuogopa, barakoa iko kidevuni na mtu anataka kwenda zake. Hofu nyingi ilikuja kabla ya ugonjwa wenyewe, kwa maoni yangu.

Na kuogopa kuna bei. Madreva wa trela pale mipakani, Malaba na Elegu, mwaka 2020 walipimwa, wakapanga foleni siku na siku, wakatangazwa kila jioni kwenye hesabu ya wagonjwa mpaka miji ya barabarani ikawaona wao ndo korona yenyewe, na bado waliendesha. Siyo kwamba hawakuogopa. Mafuta ya petroli na mizigo lazima vifike, na asiyeendesha halipwi. Mwenye mshahara wa ofisini ndo anaweza kusema acha nisubiri hali itulie. Kwa hiyo ukisikia watu wa mahali fulani hawaogopi ugonjwa, uliza kwanza wanakula nini wakikaa nyumbani.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana, hofu saa ingine inamsafirisha mtu badala ya kumzuia. Kila fununu ya kufunga nchi ikitoka, watu wanakimbilia paki ya taksi na mabasi na mizigo kichwani kurudi vijijini, na msongamano ule ndo mahali pazuri pa kuambukizana. Na wakati wa ebola ya 2022 kuna watu waliokuwa wanafuatiliwa na madaktari Mubende na Kassanda wakatoroka, wengine wakafika Kampala, maana walichoogopa kuliko ugonjwa ni kutengwa, kunyoshewa vidole, na kuzikwa na watu waliovaa maplastiki bila ndugu kugusa. Ndo maana mtu akitaka kupima hofu kwa kuhesabu viti vitupu kwenye basi hawa hatawaona, wao wamekaa kwenye viti.