Banda la Nguruwe: Tazama Anapolala Kabla ya Kumwita Fundi

Mfugaji akituambia kwamba nguruwe wake ni wachafu, huwa tunamuuliza kwanza jua linaingia bandani saa ngapi. Wengi hushangaa. Nguruwe akiachiwa hiari yake hula mahali pamoja, hulala pengine, na haja yake huimalizia kwenye kona ya mbali, hasa palipo na unyevu. Hata watoto wa siku chache huinuka kwenye malazi yao na kwenda kando kukojoa. Taabu ni kwamba mnyama huyu hatoi jasho la kumpoza. Joto likimzidi na hana maji ya kujitosa, atalala kwenye kitu pekee chenye umajimaji humo ndani, nacho ni kinyesi chake. Uchafu unaouona ubavuni mwake basi mara nyingi ni kosa la aliyejenga.

Ndiyo maana ramani moja ya banda haiwezi kutumika Kisumu na Nakuru. Kisumu iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na joto la mchana hufika nyuzi 30 bila taabu. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850, na ukipanda kuelekea Molo usiku wa Julai utatafuta koti. Nguruwe mkubwa hustarehe katika nyuzi kati ya 15 na 22. Mtoto aliyezaliwa leo anahitaji 30 na zaidi.

Kwa aliye upande wa Kisumu, kama Ahero, Nyando au Muhoroni, adui ni joto. Lielekeze banda kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi ili jua lisichome ndani asubuhi na jioni. Ukuta wa mita moja unatosha. Juu yake acha wazi, utie wavu. Paa liinuliwe, na kama ni mabati, tandaza nyasi juu yake. Kando ya mfereji tenga sehemu ya kumwagia maji mchana, lakini malazi yabaki makavu. Kumvi za mpunga za kutandika malazi si shida kupata upande huo wa Ahero.

Upande wa Nakuru, huko Njoro na Molo, shida ni upepo. Upande unakotoka upepo, jenga ukuta mrefu zaidi au ning'iniza pazia la magunia unaloweza kulikunja mchana. Majani makavu ya ngano yatakupa malazi ya joto. Ila usizibe kila kitu. Chini ya paa lazima hewa ipite. Ingia alfajiri, uchuchumae kwenye kimo cha nguruwe, uvute pumzi: macho yakiwasha, hewa hiyo ndiyo wanayovuta usiku kucha, na mapafu yao hayatadumu.

Huhitaji kipimajoto kujua kama umefaulu. Wakilala kwa rundo, mmoja juu ya mwenzake, wanasikia baridi. Wakitawanyika, kila mmoja kanyosha miguu peke yake kwenye sehemu ya kinyesi, wameshindwa na joto. Wakilala ubavu kwa ubavu penye malazi, waache.

Sakafu ndiyo inayoharibiwa zaidi, tena na mafundi wazuri. Fundi aliyezoea nyumba za watu hupiga niru hadi sakafu ing'ae. Kwa nguruwe hiyo ni balaa, kwani miguu huteleza na kutanuka kando, na jike mzito huogopa hata kuinuka aende kunywa. Mwambie fundi avute fagio gumu juu ya saruji ikiwa bado mbichi, kuelekea mferejini, na mteremko uwe sentimita mbili au tatu kwa kila mita. Ikikauka, piga goti uliburute kidogo. Ikikuchubua, itawachubua watoto, maana hupiga magoti wanaponyonya, na vidonda hivyo ndivyo mlango wa viungo kuvimba. Wanaoinua sakafu ya mbao wapime nafasi kati ya ubao na ubao: kwa watoto isizidi sentimita moja hivi, ama kwato zitanasa.

Nafasi ya kukaa isikadiriwe kwa macho. Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai angalau mita za mraba 0.65 kwa nguruwe wa kilo 85 hadi 110. Kwa joto letu, mimi husema mpe mita nzima. Na vile vizimba vyembamba vya chuma vinavyosifiwa mitandaoni, ambamo jike mwenye mimba hawezi kugeuka, Uingereza ilivipiga marufuku mwaka 1999, na tangu 2013 Umoja wa Ulaya hauruhusu jike afungiwe humo kwa muda wote wa mimba. Sioni sababu ya sisi kuanza kununua kilichokataliwa huko.

Jike hubeba mimba siku 114 hivi. Siku ya mwisho hutapatapa akitafuta nyasi za kutengeneza kiota, hata kama anachokwaruza ni saruji tupu. Mpe nyasi. Chumba cha kuzalia kiwe na mita mbili na nusu kwa tatu, na ukutani pazungushwe reli ya bomba au mti imara, sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni, na umbali kama huo kutoka ukutani. Jike hulala kwa kuegemea ukuta na kuteleza chini. Bila reli, mtoto aliye nyuma yake hana pa kukimbilia. Konani tenga kijumba chenye malazi makavu na taa ya joto, ambamo mama hawezi kuingia.

Huko Busia na Bungoma wengi bado hufunga nguruwe kwa kamba mguuni msimu wa kupanda, kisha humwachilia baada ya mavuno. Kamba hula nyama hadi mfupani. Na anayezurura hufika penye kinyesi cha watu, akapata tegu. Au hukutana na homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioelezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921 na ambao hadi leo hauna tiba. Kwa hiyo banda ni lazima. Lakini kumtoa shambani na kumtia kwenye saruji tupu ni kumwondolea kazi yake ya kuchimba na kutafuna, naye ataihamishia kwenye mikia ya wenzake. Mtupie majani ya viazi vitamu, nyasi, au gogo laini, kila siku, si sikukuu tu.

Ukibakiwa na mabati machache, jenga chumba kimoja mbali na banda, chenye chano na maji yake. Nguruwe mgeni, hata kama umemtoa kwa shemeji, akae humo siku 30, na anayemhudumia amlishe wa mwisho, baada ya wengine wote.