Sikio la koili likikatika, weka bati mbali

Wiki iliyopita mchimbaji mmoja wa dhahabu wa upande wa Tiira aliniletea ditekta yake, mashine ya kutafutia metali ardhini, hapa Busia, Uganda, ikiwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Koili, ile sahani ya chini inayopitishwa juu ya ardhi, ina masikio mawili yanayoshika fimbo. Moja lilikuwa limekatika kabisa, la pili lina ufa. Alishajaribu kulitengeneza mwenyewe kwa kipande cha bati, skrubu mbili na gundi ya kijivu, ile ya kubandikia vyuma. Kazi ilikuwa imara kweli, hata kuibandua ilinitoa jasho. Lakini tangu siku ile mashine ikawa inalia kila koili inapotikisika, na kina inachofika ardhini kimepungua.

"Fundi, niliuza ng'ombe wawili nikanunua hii mashine. Niambie ukweli, imekufa?"

"Mzee wangu, mashine yako ni nzima. Inaliona bati ulilolifunga."

Naandika haya kwa ajili yake na kwa mafundi wenzangu wanaoletewa mashine za namna hii. Tumezoea kuuliza gundi gani ina nguvu. Kwa ditekta, anza na maswali mengine: hii ni plastiki ya aina gani, na iko umbali gani na koili?

Koili hutoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga ukigusa metali, mkondo mdogo wa umeme huzunguka ndani ya ile metali, nao hurudisha uga wake. Huo ndio mashine inausikia. Haijui kama metali ni chembe ya dhahabu ardhini au skrubu uliyoitia wewe. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, aliitwa kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Alikuwa na kifaa cha namna hii hii, na alishindwa. Sababu moja iliyotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Skrubu mbili za mzee wa Tiira zilifanya kazi ya zile springi.

Ndiyo maana boliti ya koili ni ya nailoni, na fimbo ya chini ni ya plastiki au faibaglasi. Ukitaka kujua mpaka uko wapi, tazama mtengenezaji alipoanza kutumia alumini kwenye fimbo. Kuanzia hapo kushuka chini, usiweke chuma cha aina yoyote. Gundi ya kijivu nayo imo humo, maana nyingi zina unga wa chuma ndani. Jaribu kwa sumaku uone. Hata ule wavu wa chuma ambao mafundi wa bampa za magari huuzamisha kwenye plastiki kwa pasi ya kulehemu, kwenye bampa ni kazi nzuri sana, kwenye koili ni sumu.

Sasa plastiki yenyewe. Kwanza tafuta upande wa ndani maandishi madogo yanayotaja aina ya plastiki: ABS, PC, PA (nailoni), PP. Kama hayapo, kata kichembe mahali pasipoonekana ukitie kwenye maji. Kikielea, hiyo ni jamii ya majerikani na mabeseni, na gundi za kawaida haziishiki, hata ukipiga msasa kutwa nzima. Kikizama, kiguse kwa asetoni. Kikigeuka chenye kunata, basi yaelekea ni ABS, na masikio mengi niliyoshika mimi ni ya aina hiyo. Kisipobadilika kabisa, fikiria nailoni. Usiwashe kiberiti ili unuse moshi. Najua wengi hufanya hivyo, lakini moshi wa baadhi ya plastiki huunguza mapafu.

ABS nafurahia kuifanyia kazi, kwa sababu unaweza kuiunga kwa plastiki ile ile. Nachukua vitufe vya kibodi kuukuu za kompyuta vilivyoandikwa ABS, navikatakata, navitia kwenye chupa ya kioo yenye asetoni kidogo na kuifunga hadi kesho yake. Unapata uji mzito. Asetoni iwe safi. Dawa ya kutolea rangi ya kucha inayouzwa saluni mara nyingi imechanganywa na maji na mafuta, na uji wake hutoka dhaifu. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wake hushika moto upesi.

Kabla ya kupaka, toboa tundu la milimita mbili pale ufa unapoishia. Usipofanya hivyo, ufa utaendelea kutembea chini ya kiraka chako. Kisha chonga mfereji kufuata ufa, pande zote mbili, ili uji upate pa kukaa. Osha udongo wetu mwekundu wote, kausha. Halafu unahitaji kiegesho: nakata kipande cha bomba chenye upana sawasawa na fimbo, nakipaka nta ya mshumaa kisinate, nakiweka katikati ya masikio na kupitisha boliti. Masikio yakikauka yamepinda hata kidogo, boliti haitaingia tena, na ukilazimisha yatakatika pale pale.

Paka uji tabaka jembamba jembamba, na kati ya tabaka na tabaka subiri siku nzima. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu. Mteja amekaa kwenye benchi, boda boda inamngoja, basi fundi anajaza mfereji wote kwa mara moja. Juu pakikauka, asetoni hubaki imefungiwa ndani na kiungo kinakuwa laini kama jibini. Mimi humwambia mteja siku tano, naye akikataa namrudishia mashine yake. Mwisho nafunika kwa kitambaa cha faibaglasi na epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka polepole kwa saa 24. Epoksi ya dakika tano ni ya kushikiza tu. Supa gluu na bikaboneti ya soda hugeuka jiwe papo hapo, nami huitumia kurudisha kichembe kilichomeguka kwenye ukingo, lakini haijui kupinda, na sikio la koili linapindishwa kila hatua ya mchimbaji.

Kwa nini masikio yavunjike hivyo? Nne katika tano ya kazi ninazopokea zina kisa kimoja: zile washa mbili za mpira, vile vipete vinavyokaa kati ya masikio na fimbo, zimepotea. Kazi ya kuzuia koili isininginie ni ya mpira, kwa msuguano wake. Mpira ukipotea, mtu anakaza nati mpaka masikio yanabanwa kuelekea ndani, kisha anatumia koili kusukuma mawe shimoni. Ongeza jua, ambalo huifanya ABS ipoteze unyumbufu na kuwa kavu. Kata washa mpya kutoka tyubu ya baiskeli, kaza kwa vidole viwili, basi.

Ufa kwenye sahani yenyewe ya koili ni jambo jingine, na hapo naomba uende taratibu. Ndani kuna waya mwembamba, na pasi ya kulehemu ikizama milimita moja zaidi ya unavyodhani umeua koili nzima. Usitumie joto. Vilevile usizibe haraka, kwa kuwa maji yakishaingia, ukiziba umeyafungia humo na mashine italia uongo kila ikigusa majani. Iache koili sehemu yenye joto la kawaida na hewa siku mbili tatu, isiwe juu ya jiko, kisha ndipo upake epoksi nyembamba juu ya ufa.

Vikufuli vya fimbo, vile vinavyobana vipande vyake, kwa kawaida ni nailoni yenye nyuzi za glasi. Hivyo siviungi tena, natafuta kipya. Ukichapishiwa kimoja kwa printa ya 3D, kataa plastiki iitwayo PLA, maana hulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa kwenye jua la Moroto halina huruma.

Kuna mashine nyingine ninazoletewa ambazo hazitafuti dhahabu: zile za mkononi za walinzi wa milangoni. Tangu mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 2010, huingii duka kubwa wala benki bila kupitishiwa moja. Hizi huvunjika kifuniko cha betri, kwa sababu huanguka kwenye zege mara nyingi. Afande mmoja aliniletea yake ikiwa imefungwa kwa waya wa shaba. Ilikuwa inalia kwa kila mtu, na hivyo yeye akaacha kuisikiliza. Nilikosa usingizi usiku ule nikiwaza ni watu wangapi walipita mlangoni pake. Kilichohitajika ni uji wa ABS kwenye kijino kilichomeguka, na mkanda wa kitambaa chenye manyoya ya kunasana, bila metali yoyote.

Kabla sijaigusa mashine ya mtu, naiwasha, naishika mbali na meza yenye misumari, napitisha sarafu ya shilingi 500 mbele ya koili na kupima kwa rula ni sentimita ngapi inaanza kuisikia. Naandika namba kwenye daftari mbele ya mwenyewe. Kazi ikiisha narudia kwa sarafu ile ile. Mashine ya mzee wa Tiira niliipima bati likiwa bado lipo, nikapata sentimita 11. Jumamosi alipokuja kuichukua, nilimpa sarafu aipitishe kwa mkono wake. Ilianza kulia kwenye 19.