Daftari la pili: mwanafunzi anapoandika alichokielewa

Kila mwanafunzi ninayemfundisha fizikia katika kidato cha pili ana madaftari mawili ya somo langu. La kwanza analijua kila mzazi: lina notisi zilizonakiliwa ubaoni, mazoezi yaliyosahihishwa kwa kalamu nyekundu, na tarehe iliyopigiwa mstari. La pili ni jembamba na lina kazi moja tu. Dakika saba kabla ya kengele, mwanafunzi hulifunga la kwanza, hulifungua la pili, kisha huandika kwa maneno yake mwenyewe alichokielewa, alichokielewa nusunusu, na kile ambacho hakikumwingia kabisa. Nimelitumia daftari hili kwa miaka tisa, na siku hizi nawafundisha walimu wenzangu namna ya kulitumia.

Nianze na ukurasa mmoja. Tulikuwa tunajifunza sakiti za umeme, na mezani kulikuwa na betri mbili, swichi, nyaya, na balbu mbili ndogo zinazofanana zilizounganishwa kwa mfuatano. Darasa lilikuwa limekwisha kukokotoa ukinzani wa jumla, yaani kiasi ambacho sakiti huuzuia mkondo wa umeme, bila taabu, na kama ningeishia kwenye hesabu zile ningetoka nimeridhika. Msichana mmoja, ambaye majibu yake yote yalikuwa sahihi, aliandika hivi: "Nimeelewa kwamba umeme ukifika kwenye balbu ya kwanza unatumika kidogo, halafu unaobaki unakwenda kwenye balbu ya pili. Sijaelewa kwa nini balbu ya pili haijafifia kuliko ya kwanza."

Nilizisoma sentensi hizo mara tatu. Ya kwanza ina kosa ambalo hesabu zake hazikulionyesha hata kidogo, kwa kuwa mtu anaweza kujumlisha ukinzani vizuri kabisa huku akiamini kwamba mkondo wa umeme huliwa njiani, kama maji ya bomba yanayopungua kila nyumba inapochota. Ya pili inaonyesha kwamba macho yake yameona jambo lisilokubaliana na imani hiyo, na yeye mwenyewe amelitambua. Hakuna swali la mtihani ambalo lingenipa habari hizo mbili kwa pamoja.

Kipindi kilichofuata nilimwomba ruhusa ya kuusoma ukurasa wake bila kumtaja jina, kisha nikawauliza wanafunzi ni wangapi wanafikiri hivyo. Zaidi ya nusu walinyoosha mikono. Tukachukua amita, kifaa cha kupimia mkondo, na kuiweka sehemu tatu: kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu zote mbili, na baada ya ya pili. Kabla ya kila kipimo, kila mmoja aliandika anachotarajia kukiona. Mshale ulisimama mahali palepale mara zote tatu. Siku hiyo msichana yule aliandika: "Mkondo haupungui. Kinachogawanywa ni volteji." Chini yake akaongeza swali jipya: "Sasa betri inaishaje, kama mkondo haupungui?" Swali hilo lilitupeleka kwenye nishati ya kikemia, mada ambayo sikuwa nimepanga kuigusa wiki ile.

Walimu wengi huniuliza kwa nini nasisitiza daftari la kwanza lifungwe. Sababu ni kwamba mwanafunzi anayeandika huku akichungulia notisi hunakili kwa mara ya pili, na kunakili hakumwonyeshi lolote kuhusu kichwa chake. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walisoma matini fupi, kisha baadhi yao wakaisoma tena na wengine wakajilazimisha kuikumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojilazimisha kukumbuka wakawa mbele. Dakika zile saba zinafanya kazi hiyohiyo, na zinaongeza jambo ambalo mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, alilieleza tangu 1910, kwamba fikra ya kweli huanzia kwenye mashaka na mkanganyiko. Ndiyo maana sehemu ya "sijaelewa" ndiyo ninayoisoma kwanza.

Katika nchi yetu, Tanzania, tuna mfano wa swali lililokaribia kupotea. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliweka kwenye friza mchanganyiko wa aiskrimu ambao bado ulikuwa wa moto, akaona umeganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuliacha swali lake, na baadaye, akiwa shule ya Mkwawa huko Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyetoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne alilijaribu jambo hilo maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi hadi leo wanabishana kuhusu jambo lenyewe na sababu zake, na mimi sitaingia humo. Ninachokitazama ni kwamba swali lile lilidumu miaka kadhaa kwa ung'ang'anizi wa kijana mmoja tu, wakati maswali ya wenzake wengi hufutwa pamoja na ubao.

Suala la lugha lilinisumbua kuliko yote. Wanafunzi wetu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanakutana na fizikia kwa Kiingereza. Nilipodai kwamba daftari la pili nalo liandikwe kwa Kiingereza, nilipokea sentensi zilezile za kitabu cha kiada, zimenyooka na hazisemi kitu. Nilipowaruhusu waandike kwa Kiswahili, wakiyaacha maneno ya kitaalamu kama walivyoyasikia, ndipo nilipoanza kuyaona mawazo yao. Wapo wanaopinga kwa sababu mtihani wa taifa uko kwa Kiingereza, na hoja yao ina uzito, kwa hiyo kesho yake kila mmoja huchagua sentensi moja aliyo na hakika nayo akaiandika upya kwa Kiingereza. Lakini mpangilio huo siugeuzi: maana hutangulia.

Makosa nami niliyafanya. Mwaka wa kwanza nililitolea daftari hilo alama, na karibu kila ukurasa ukaandikwa "Nimeelewa vizuri sana, mwalimu, ubarikiwe." Mtoto anayejua kwamba kukiri kutoelewa kutampunguzia alama hawezi kukiri. Kosa la pili lilikuwa zito zaidi: nilisoma ukurasa wa kijana mmoja kwa sauti bila kumuuliza, darasa likacheka, naye kwa muda wa mwezi mzima akawa anaandika mstari mmoja usio na kitu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Tangu hapo hakuna ukurasa unaosomwa bila idhini ya mwenyewe.

Kushirikishana kwenyewe hufanyika kwa makundi ya watu wanne, kila Ijumaa. Madaftari hubadilishwa, na msomaji anatakiwa kuacha sentensi moja ambayo ama inajibu au inauliza. Neno "safi" peke yake halikubaliki. Darasa lina wanafunzi zaidi ya 70, nami siwezi kusoma yote, kwa hiyo huchukua madaftari 15 kwa siku, na ninaandika kwa penseli, swali moja tu pembeni. Mara nyingi mwenzake wa dawati huwa amekwisha kumjibu mwenye daftari, kwa maneno mepesi kuliko yangu, kwa kuwa yeye amelielewa jambo hilo juzi tu na bado anakumbuka mahali alipokwama.

Mwisho wa muhula nawapa kipindi kizima warudi ukurasa wa kwanza wakajijibu wenyewe kwa kalamu ya rangi nyingine. Msichana wa balbu alifika kwenye ile sentensi yake ya kwanza, akanyoosha mkono kuuliza kama anaruhusiwa kuikata. Nilimwambia aiache kama ilivyo na aandike pembeni. Akaandika tarehe, kisha: "Hapa nilidhani umeme ni kama maji ya bomba."