Je, wajua kwa nini mawe ya makaburi ya askari wa ndege za mabomu hugusana?

Katika makaburi ya vita ya Reichswald, karibu na mji wa Kleve, Ujerumani, mawe meupe yamepangwa kwa nafasi sawasawa. Hapa na pale, manne au matano yamebanana bega kwa bega. Hilo huwa ni kaburi la pamoja: watu wa ndege moja ambao miili yao haikuweza kutenganishwa.

Katika Vita vya Pili vya Dunia, ndege ya mabomu ya Uingereza aina ya Lancaster ilichukua watu saba: rubani, fundi wa injini, mwongoza njia, mlenga mabomu, mtu wa redio na wapiga bunduki wawili. Ilipowaka moto, njia kuu ya kurukia kwa waliokaa mbele ilikuwa tundu la sakafuni lenye upana wa sentimita 56 hivi, nao wamevaa parachuti. Wengi hawakuwahi. Kati ya askari wa anga wapatao 125,000 wa kamandi ya ndege za mabomu ya Uingereza, zaidi ya 55,000 walikufa.

Mara nyingi Wajerumani waliwazika karibu na walipoanguka. Vita vilipokwisha, kitengo maalumu cha Jeshi la Anga la Uingereza kilifukua makaburi hayo ili kujua nani ni nani. Visahani vya utambulisho vya shingoni havikuwa vya chuma, vilikuwa vya nyuzi zilizoshindiliwa, na vingi viliharibika. Wachunguzi wakageukia alama ya dobi kwenye kola, cheo cha begani, au beji ya kifuani. Mpiga bunduki alikuwa na bawa moja lenye herufi AG. Namba ya injini ilitaja ndege, na ndege ikataja majina saba. Wakitambuliwa sita, wa saba alijulikana kwa kutoa. Wakibaki wawili wasio na alama yoyote, hesabu iligoma.

Wasiopatikana kabisa, wengi wao wakiwa wamezama baharini, wameandikwa ukutani Runnymede, Uingereza, kwenye mnara uliofunguliwa 1953 wenye majina zaidi ya 20,000.

Anayemtafuta mtu aanze na namba yake ya jeshi, maana majina hufanana mno. Kisha asome kitabu cha kila siku cha kikosi, kilichohifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, fungu AIR 27: humo mna namba ya ndege, saa ya kuruka na majina ya waliopanda. Tarehe huwapoteza wengi. Shambulio la Nuremberg la 1944, lililogharimu ndege 95, lilianza usiku wa Machi 30, lakini wengi walikufa baada ya saa sita, yaani Machi 31. Idadi nayo isikushtue ukikuta wanane: rubani mgeni alipandishwa kwanza na wenzake wazoefu, ajifunze kabla ya kukabidhiwa ndege yake.