Barua ya Rufaa Ina Safari Mbili

Kila ikikaribia tarehe 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili Duniani, lalamiko moja hurudi: "Tulikwenda kituo cha afya, tukapelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili ya Zanzibar, sasa tunaambiwa turudi kulekule kituoni. Tunazungushwa." Hamzungushwi. Matibabu ya maradhi ya akili ndivyo yanavyokwenda, na anayeikatiza safari hiyo njiani ndiye tunayempokea tena hali ikiwa mbaya zaidi.

Daktari wa kituo cha karibu na daktari bingwa wa maradhi ya akili wana kazi mbalimbali. Wa kituoni ndiye anayeijua presha yako, sukari yako na ujauzito wako. Kazi yake ya mwanzo ni kuangalia kama shida haitokani na mwili. Tezi la shingo likizidi kufanya kazi, mtu huhangaika, hakosi mapigo ya moyo kwenda mbio na usingizi humpaa. Likizorota, huwa mzito na mwenye huzuni. Mzee aliyeanza jana tu kuweweseka na kutowatambua wanawe apimwe kwanza sukari, malaria na mkojo. Sonona ya kawaida, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, pia hutibika kituoni. Dawa yake, fluoksetini miligramu 20 kwa siku, huchukua wiki 2 hadi 4 kuonesha nafuu, na huendelezwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuondoka. Kuiacha wiki ya pili kwa kuwa "haifanyi kazi" ni kuiacha kabla haijaanza.

Bingwa huhitajika pale mgonjwa anaposikia sauti wasizosikia wengine, anapokaa siku kadhaa halali wala hachoki, dawa ya kituoni isipomsaidia, au akiwa mtoto au mama mjamzito.

Hapo inaandikwa barua ya rufaa. Barua isemayo "mgonjwa wa akili, tafadhali msaidie" haisaidii mtu. Iseme dalili zilianza lini, nani aliziona, presha na sukari zilizopimwa siku hiyo, vipimo vilivyofanywa na majibu yake, kila dawa kwa jina na miligramu, kama mgonjwa amesema anataka kufa, na swali ambalo daktari anataka bingwa alijibu. Ndugu anayemsindikiza achukue vidonge vyenyewe, na aseme kweli kuhusu kombe, mafusho na dawa za mitishamba. Hatuulizi ili tugombe. Baadhi ya mitishamba hugongana na dawa za hospitali.

Barua haihitajiki kwa mtu anayetaka kujiua, aliyeacha kula na kunywa, au anayetishia watu kwa silaha. Huyo apelekwe saa hiyohiyo hospitali iliyo karibu, na asiachwe peke yake njiani.

Safari ya pili ya barua, ya kutoka kwa bingwa kurudi kituoni, ndiyo inayopotea sana. Bingwa huandika jina la ugonjwa, dozi, tarehe ya kurudi na dalili za hatari. Karatasi hiyo si risiti ya kuwekwa kabatini. Mgonjwa wa Micheweni au Makunduchi hana sababu ya kufuata mjini kila sindano ya flufenazini, dawa ya wanaosikia sauti, inayochomwa kila wiki 2 hadi 4, ikiwa kituo chake kina karatasi na dawa. Bila ya karatasi, muuguzi hawezi kuchoma sindano kwa kusimuliwa.

Karatasi hiyo pia huepusha balaa jengine. Haloperidoli, nayo dawa ya wanaosikia sauti, hasa siku chache za mwanzo, huweza kumkakamaza mtu shingo, kumpandisha macho juu na kumkaza ulimi. Nyumbani husemwa shetani kapanda, vidonge vikatupwa na mgonjwa akapelekwa kwa mganga. Shetani hahusiki hapo. Hayo ni madhara ya dawa, yanatambulika na yanatibika kwa benzheksoli. Mrudisheni kituoni siku hiyohiyo, na koo likikaza au pumzi ikiwa nzito, hospitali mara moja.

Mfano mwengine ni kabamazepini, ya kifafa na ya hali ya akili inayopanda na kushuka. Hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Bingwa akitoa kabamazepini na kituo kikitoa vidonge vya uzazi bila kuandikiana, mama hushika mimba asiyoipanga, tena akiwa kwenye dawa inayoweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kuhusu diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, tunalazimika kusema wazi. Ni dawa inayodhibitiwa. Duka linaloiuza bila cheti cha daktari linavunja sheria na linaweza kuchukuliwa hatua na Wakala wa Chakula na Dawa. Anayeitumia wiki kadhaa mfululizo mwili huizoea, na akiikata ghafla anaweza kupata degedege. Ipunguzwe kidogokidogo, na daktari akiwa anajua.

Wenye kufunga Ramadhani waje kituoni mwezi wa Shaabani. Dawa nyingi za mara moja au mbili kwa siku huhamishiwa futari na daku bila tabu. Anayetumia lithiamu, dawa ya hali ya akili inayopanda na kushuka, asijipangie mwenyewe: maji yakipungua mwilini, dawa hiyo hupanda katika damu hadi kuwa sumu. Mikono ikimtetemeka sana, akiharisha au akipepesuka, afungue na aende hospitali.